“Niliweka Kruzi 50, Tochi Imenisomaje 64?”

Swali hilo la kruzi (cruise control, kifaa cha kushika mwendo uliouweka bila mguu kukanyaga mafuta) na tochi (kipima mwendo cha trafiki) nimeulizwa mara tatu ndani ya mwezi mmoja hapa gereji. Wa mwisho alikuja Jumatatu asubuhi akitokea Dodoma, simu mkononi ikiwa na deni la faini ya 30,000, na amekasirika kwelikweli. “Fundi, kruzi ya gari hii mbovu. Niliweka hamsini, mguu sijagusa mafuta, trafiki ananiambia sitini na nne. Ama tochi yao mbovu, ama kruzi yangu mbovu.” Na hiyo ilikuwa mara yake ya pili kupigwa tochi. Mara ya kwanza alibadilishiwa sensa ya mwendo mahali fulani, ikamtoka laki na ushee, na tatizo likabaki palepale.

Nikamuuliza alikuwa wapi alipopigwa tochi. “Nashuka kutoka Gairo, naja Dumila.”

Basi jibu limo ndani ya hilo neno “nashuka”. Mimi ni fundi umeme wa magari Morogoro, mji ambao njia ya Dodoma na njia ya Iringa zinaachana, kwa hiyo malalamiko ya safari ndefu yote yanapita kwangu. Na hakuna dhana inayonichosha kama hii ya kwamba ukishaweka kruzi, gari haliwezi kuzidi namba uliyoweka. Watu wazima, waendeshaji wa miaka 20, wanaiamini. Kuna wengine wanabonyeza 50 wakiwa bado kilimani, wanakunja miguu, halafu wanaingia kijijini na 60 na kitu huku wakiangalia simu.

Kruzi inashika mafuta. Haishiki breki. Kompyuta inasoma mwendo wa gari, inaulinganisha na ule uliouweka. Ukiwa chini inafungua throto (mlango wa hewa ya injini), ukiwa juu inaifunga. Ikishaifunga yote imemaliza kazi yake, haina silaha nyingine. Kinachobaki kulizuia gari ni ukinzani wa injini peke yake, na kwenye otomatiki iliyo gia ya mwisho ukinzani huo ni mdogo sana. Kutoka hapo mwendo anaupanga mteremko.

Yule bwana nilimpeleka barabarani. Nilichomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari, nikampa aishike yeye, mimi nikaendesha. Kwenye tambarare, kruzi 50, throto ilikuwa inacheza kidogo kwenye 14, 15, 14. Tukaanza kuteremka. Namba ya throto ikashuka hadi ile ya sailensa (injini inawaka bila kukanyagiwa mafuta) na ikaganda hapo, haitikisiki. Namba ya mwendo ikaanza kupanda: 51, 53, 56. Taa ya kruzi kwenye dashibodi bado inawaka, kijani, safi kabisa. Kwenye 59 nikagusa breki. Alikaa kimya, halafu akasema, “Kumbe imeachia zamani.” Ndiyo. Imeachia zamani, na taa haikwambii.

Nadhani jina nalo linatuharibia. Wengi wanaiita kruzi “kidhibiti mwendo”, na jina hilohilo tunalitumia kwa kile kifaa kinachofungwa kwenye magari ya abiria na ya mizigo, kama zile matatu za Kenya zinazotakiwa zisizidi 80. Ni vitu viwili tofauti. Kidhibiti mwendo kinakataa kuipa injini mafuta zaidi ukifika kikomo, hata ukanyage mpaka chini. Kruzi haikukatazi chochote. Ukikanyaga mafuta gari linaondoka kama kawaida, ukiachia linarudi polepole kwenye namba yako. Na hata hicho kidhibiti chenyewe hakina breki. Lori lenye mzigo likiachiwa kwenye mteremko wa Kitonga, hakuna kidhibiti cha mafuta kitakachoushika ule uzito. Ndiyo maana madereva wa malori wanaoijua kazi wanashuka kwa gia.

Tangu mwanzo kruzi ilikuwa kitu cha pedali ya mafuta. Aliyeibuni ni Ralph Teetor, mhandisi wa Marekani aliyepofuka akiwa na miaka 5, na hati yake ya ubunifu ya mwaka 1950 inazungumzia kifaa cha kuikinza pedali ya mafuta. Chrysler wakaanza kuiuza kwenye magari yao ya 1958. Umeme umebadilika sana tangu hapo, lakini kwenye magari mengi tunayoyapokea bandarini kutoka Japani kazi yake ni ileile.

Hapo huwa ninakatizwa: “Ya kwangu ni ya rada, inakanyaga breki yenyewe.” Sawa, zipo, na ni nzuri. Lakini breki yake imetengenezwa kwanza kwa ajili ya gari lililo mbele yako linalotembea. Barabara ikiwa tupu, baadhi zitashika breki mteremkoni na baadhi hazitashika. Inategemea gari, na kitabu cha maelezo ulichopewa kimeandikwa Kijapani. Gari lililosimama, hasa ukilikuta ghafla, rada nyingi zinaweza kulipuuza, kwa sababu zimefundishwa kutoshtuliwa na vibao na kingo za madaraja. Bodaboda anayetambaa pembeni bila taa, mbuzi, mtoto: usiviweke mikononi mwa rada. Tena za zamani kidogo, mwendo ukishuka sana zinajitoa, zinalia mlio mmoja na kukuandikia ujumbe kwenye skrini ambao huwezi kuusoma. Nimeshaletewa gari ambalo rada yake imekuwa kipofu kwa sababu mwenyewe aligongwa kidogo mbele akabandika nembo ya mtaani, na rada kwenye gari lile inaangalia kupitia nembo. Alikuwa ametembea nalo hivyo miezi.

Ushauri wangu, na ninausema kwa kila anayelipa na kuchukua ufunguo wa gari lake hapa: kijijini hakuna kruzi. Ukiona kibao cha 50 kwa mbali, gusa breki, kruzi itoke, mguu urudi kazini. Ukiwa mteremkoni shusha gia. Kile kijiti kina S, au 3, au 2, na hazikuwekwa pale kama pambo. Na jihadhari na kitufe cha RES, kile cha kuirudisha kruzi kwenye namba ya mwanzo. Uliweka 80 porini, ukapiga breki kuingia kijijini, katikati ya kijiji ukabonyeza RES ukidhani unawasha 50. Gari linakumbuka 80, na litaifuata.

Kwenye Mikumi ninakazia zaidi. Barabara ya Tanzam inakatiza hifadhi kwa karibu kilomita 50, imenyooka, inashawishi. Swala haombi njia. Mguu uliokunjwa chini ya kiti unachelewa kufika kwenye breki, na ucheleweshaji huo hakuna kifaa kinachoulipa.

Bwana wangu wa Dodoma akasema neno ambalo wengi wanalisema: “Lakini fundi, hamsini na sitini na nne tofauti yake nini? Wanatafuta hela tu.” Hapa naomba tutulie kidogo. Chukua magari mawili yanayofanana, lami kavu, breki nzima. Moja linakwenda 50, jingine 65. Mtoto anachomoka. Kila dereva anachukua sekunde 1 kushtuka na kupeleka mguu. La 50 linakwenda mita 14 kabla breki haijashika, linatumia nyingine 14 kusimama; jumla mita 28. La 65 limeshakula mita 18 kabla breki haijashika. Pale lilipo la kwanza limesimama kabisa, la pili linapita likiwa bado na mwendo wa karibu 50. Si 15 iliyozidi. Karibu 50. Nguvu ya mwendo haiongezeki kwa kujumlisha, inaongezeka kwa mraba, na breki inapata shida mwanzoni, wakati gari linakula mita nyingi kila sekunde. Kwenye kijiji cha urefu wa kilomita 1, ulichookoa kwa kwenda 65 ni sekunde 17.

Mengine ninayoyasikia nitayapitisha haraka, maana hayana mengi.

Kuning'iniza CD kwenye kioo ili kuipoteza tochi hakusaidii. Rada inagonga bodi nzima ya gari, na tochi ya leza inalengwa kwenye namba au taa za mbele. Kisahani kimoja kinachocheza ndani ya kioo hakibadilishi kitu. Dawa ya kupuliza kwenye namba nayo ni hela imetupwa, kwa sababu mwendo hausomwi kwenye picha.

“Nimeshampita, hawezi kunipiga.” Anaweza. Wimbi la rada linalorudi kutoka kwenye gari linalokwenda mbali linasomeka sawasawa na lile la gari linalokuja. Na usiku vilevile, kwa kuwa tochi haitegemei jua kupima mwendo. Inatuma wimbi au mwanga wake yenyewe.

“Alikuwa amejibanza kichakani, pembeni, ndiyo maana amenizidishia.” Hili linaniuma kwa sababu ni kinyume kabisa. Tochi inayokulenga kwa mshazari inasoma pungufu ya mwendo wako halisi. Gari linalokwenda 64, likipimwa kwa pembe ya digrii 20, linasomeka kama 60. Kwa hiyo kama trafiki alikuwa pembeni sana, amekupunguzia.

“Kuna kumi za bure juu ya kibao.” Hizi tumezisikia kwa ndugu walioko Uarabuni, ambako baadhi ya maeneo kamera huwekewa nafasi juu ya kikomo. Hata huko mambo hubadilika. Abu Dhabi waliiondoa nafasi ya kilomita 20 mwezi Agosti 2018, na kibao kikawa ndicho kikomo. Kwetu kibao cha 50 ni 50. Trafiki akikuachia 53, hiyo ni busara yake, huwezi kwenda kuidai.

“Basi lina VTS, haliwezi kukimbia.” VTS, ule mfumo wa kufuatilia mabasi, inaripoti. Inawapelekea LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, mahali basi lilipo na mwendo wake, na dereva anaweza kuitwa na kuadhibiwa. Haikati mafuta. Abiria ukiona basi linakimbia, usikae kimya ukidhani kuna mashine inalishika.

“Kruzi inakula mafuta.” Kwenye tambarare inayapunguza, kwa sababu mguu wa binadamu unapumuapumua. Kwenye milima inayaongeza: inaona mwendo unashuka, inafungua throto yote, gia inaporomoka, injini inanguruma. Dereva mwenye akili angekubali kupoteza kilomita 5 kwenye mpando akazirudisha mbele. Mlimani izime. Kwenye mvua izime pia, maji yakitanda kwenye lami unataka mguu wako mwenyewe uhisi tairi.

Na kupigiana taa. Najua ni undugu wa barabarani, na mimi nimewahi kupigiwa nikashukuru. Lakini anayepigiwa anapunguza kwa mita 300, akishaipita tochi anakanyaga tena, na shule ya msingi mara nyingi iko mbele ya tochi, wala haina wa kuipigia taa.

Tulipokuwa tunarudi na yule bwana, tumeshafika tambarare, nilimwomba awashe GPS kwenye simu. Kruzi 50, mshale umekaa kwenye 50, simu inasema 52. Hilo silipendi kuliona. Gari likitoka kiwandani, mshale unatakiwa usionyeshe pungufu ya mwendo halisi, ndiyo maana kwa kawaida unatangulia kidogo. Mshale ukiwa 50, simu husema 47 au 48. Ikiwa simu inazidi mshale, kwanza naangalia tairi.

Tuliposimama nikachuchumaa kusoma ubavuni: 215/65R16. Kibandiko cha kiwandani mlangoni kilisema 195/65R15. Aliziweka mwaka jana ili gari lipande juu, likwepe mashimo ya kwenda shambani. Tairi hizo ni ndefu kwa takriban asilimia 8, maana yake kila zinapozunguka mara moja gari linakwenda mbali zaidi kuliko kompyuta inavyohesabu. Mshale unadanganyika, kruzi inadanganyika pamoja nao, kwa sababu zote mbili zinakunywa kisima kimoja. Mteremko ulimpa nyingi kati ya zile kilomita 14. Tairi zikampa zilizobaki.

Tairi zake za zamani bado ziko nyumbani Dodoma, amesema atazirudisha. Aliniuliza kama tuitoe ile sensa mpya ya mwendo, tumrudishie ya kwanza. Nikamwambia aiache ilipo. Ni nzima, kama ile ya kwanza ilivyokuwa nzima.