"Tuma na ya Kutolea": Yanayoaminiwa Kuhusu Advansi ya Dada Poa

Picha nzuri, eneo limeandikwa Capripoint, jibu linakuja papo hapo: "Nipo. Tuma nusu na ya kutolea, nachukua boda sasa hivi." Biashara ya ngono Mwanza imehamia kwenye simu, na imehama na imani zinazowaliza wanaume kimyakimya.

Wanaojitetea husema advansi ni kawaida, hata fundi hudai. Sawa, lakini fundi makochi wa Nyakato ana karakana, akikuzingua unamfuata. Huyu ana namba tu. Mara nyingi hata huyo msichana hayupo. Yupo mtu mwenye laini kadhaa na picha alizokwapua kwenye kurasa za wadada wasiojua lolote. Advansi ndiyo biashara yenyewe, ndiyo maana haiishi: ukishatuma nusu inadaiwa nauli, kisha ya mlinzi wa getini, kisha "ada ya usalama" utakayorudishiwa mkionana. Halafu namba haipatikani. Umeliwa nauli.

"Lakini jina lilitokea kabla sijaweka namba ya siri, nitampata." Kweli, laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Ila kumbuka wale wasajili laini wa chini ya mwavuli: "Kidole hakijasoma, mama, weka tena." Kidole kilisoma mara zote mbili, na laini ya pili ikabaki kwa msajili. Kwa hiyo jina unalolisoma laweza kuwa la bibi wa Ukerewe aliyekwenda kusajili laini moja tu, na upelelezi ukianzia kwenye jina, utaanza kwa bibi.

Muamala kurudishwa? Huduma hiyo ipo kwa aliyekosea namba. Wewe hukukosea, na pesa ilishatolewa kwa wakala.

Wengine hutunza meseji za muamala wakiamini zitawasaidia kudai mahakamani kwa kuwa "tulikubaliana". Sheria ya Mikataba, kifungu cha 23, inabatilisha makubaliano ambayo lengo lake ni haramu au ni kinyume cha maadili. Hayo si makubaliano ambayo hakimu atakusaidia kuyatekeleza. Na meseji hizohizo zinakutaja wewe pia. Kanuni ya Adhabu inawabana wanaoishi kwa mapato ya ukahaba (vifungu vya 145 na 146) na wanaotafuta wateja hadharani (176), lakini mambo hayaishii hapo. Aliyeko upande wa pili akiwa chini ya miaka 18, au akiwa ameletwa mjini kwa hila na kufungiwa chumbani, unaingia kwenye makosa mazito zaidi, yakiwemo ya Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008.

Hapo ndipo inapozaliwa imani ninayoiona mbaya kuliko zote: kwamba ukishatuma huwezi tena kufungua mdomo. Tapeli anaitegemea hiyo. Ukigoma kuongeza, inapiga namba nyingine, sauti nzito: "Naongea na afande hapa kituoni, jalada lako liko mezani." Anataja jina la mkeo, amelitoa Facebook. Tuma laki mbili lifutwe. Jamani, malipo halali ya serikali hulipwa kwa kumbukumbu namba (control number), hayaendi kwenye simu ya mtu! Kujipatia fedha kwa udanganyifu na kudai pesa kwa vitisho ni makosa, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inashughulikia udanganyifu wa kwenye simu na kompyuta. Hayafutiki kwa sababu aliyetapeliwa ana aibu. Ukiripoti, utaulizwa pesa ilikuwa ya nini. Usidanganye, na kama unaogopa, pita kwanza kwa wakili. Usifute meseji, wala usitume hata shilingi nyingine, maana atakayelipa vitisho mara moja atapigiwa tena mwisho wa mwezi.

Ujumbe wa kitapeli ukikufikia, uripoti kwa kuutuma namba 15040. Na piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Huenda kuna dada wa Capripoint anayetumia jina lako.