Leseni ya programu yako imefungwa kwa nani, kwako au kwa laptopu?

Wengi wanaoniletea mashine hapa Arusha ni watu wa kazi za kujitegemea, wa grafiki, wa kuhariri video za makampuni ya safari, wa kuchora ramani za nyumba, wa mahesabu ya hoteli ndogo ndogo, na karibu wote wana kompyuta zaidi ya moja. Laptopu ya kutembea nayo, desktopu nyumbani Sakina au Njiro, na wiki nyingine kazi inafanyikia kwenye kompyuta ya mteja kule Moshi. Sasa mtu kanunua programu kwa hela yake halali kabisa halafu inamkatalia katikati ya kazi, na mara nyingi chanzo ni kwamba siku ya kununua hakuuliza hii leseni imefungwa kwenye kitu gani.

Leseni ya udereva inakufuata wewe, bima ya gari inabaki na gari, na programu nazo ziko hivyo hivyo. Bei ya kwenye tovuti peke yake haikwambii unanunua ipi.

Tuanze na ile inayofungwa kwa mashine maana ndiyo inaumiza watu. Siku unaaktiveti, yaani unaiwasha leseni ianze kutumika, programu inasoma namba za vifaa vilivyomo ndani, namba ya bodi kuu ya kompyuta, anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao, nyingine zinasoma mpaka namba ya patisheni, yaani kipande cha diski, inatengeneza alama moja na kuanzia hapo inaitambua mashine hiyo tu. Patisheni ukiifomati namba yake inabadilika. Fundi akibadilisha bodi, kwa programu ile hiyo ni kompyuta nyingine kabisa hata kama stika zako zote bado ziko kwenye kava. Na kuna leseni zilizosajiliwa kwa MAC ya kile kiadapta kidogo cha waifai cha USB, kikipotea kwenye daladala leseni nayo imeenda.

Kwa hiyo kabla laptopu haijaenda kwa fundi, kabla hujaifomati, kabla hujaiuza, fungua programu yenyewe utafute sehemu ya kudiaktiveti, yaani kuiachia leseni itoke kwenye mashine hiyo, mara nyingi iko kwenye Help au kwenye akaunti yako, na uwe na bando wakati huo kwa sababu lazima seva yao ipate taarifa. Kuifuta programu peke yake mara nyingi hakurudishi nafasi! Hili nalisema kila siku na bado watu wanafuta tu, halafu kule kwenye seva inaonekana mashine mbili zinatumika wakati moja ilishauzwa.

Windows yenyewe iko hivyo pia. Fungua cmd, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, uandike slmgr /dli, itakuonyesha kama ni OEM au RETAIL. OEM imekuja na mashine na inabaki na bodi yake, RETAIL unaweza kuihamishia kompyuta nyingine. Tangu 2016 unaweza pia kuiunganisha leseni na akaunti yako ya Microsoft, ikusaidie kuaktiveti tena ukibadilisha kifaa cha ndani, fanya hivyo leo kama hujafanya.

Kuna kitu kingine nakiona sana kwenye laptopu used, betri ndogo ya bodi, mara nyingi ile CR2032, ikifa tarehe inarudi nyuma miaka kibao kila ukizima. Programu ikiona leo ni kabla ya siku uliyoinunua inadhani umechezea saa inajifunga, na intaneti nayo inagoma kwa sababu vyeti vya usalama vinaonekana bado havijaanza kutumika. Mtu anahangaika na leseni kumbe ni betri ya hela ndogo tu.

Kwa mtu mwenye kompyuta nyingi mimi napendekeza leseni ya mtu, ya akaunti. Adobe, wenye Photoshop, unaweka kwenye kompyuta mbili kwa akaunti moja ila huzitumii zote kwa wakati mmoja. Microsoft 365 Personal, yenye Word na Excel, inaruhusu vifaa 5. Reaper, ya watu wa sauti, leseni ni yako, unaiweka kwenye mashine zako zote mradi unatumia moja kwa wakati. DaVinci Resolve Studio ya video namba yake inaaktiveti kompyuta 2, au unachukua ile yenye kifaa cha USB, unakichomeka popote unapokaa, ila kikiibiwa ndiyo basi, kwa hiyo kisikae kwenye begi moja na laptopu.

Shida ya akaunti ni intaneti. Unaenda Serengeti na wageni wiki mbili, mtandao wa kubahatisha, programu inataka kuhakikisha malipo. Adobe inavumilia kwa muda bila mtandao, na muda wenyewe unategemea mkataba wako. Fungua kila programu ukiwa bado mjini, ijihakikishe, ndiyo uondoke.

Kwenye kompyuta ya mteja, ukilogini na akaunti yako ulogauti jioni ileile. Vizuri zaidi mteja awe na leseni yake, muandike kwenye makubaliano kabla ya kazi. Na usichanganye na zile programu za kubebeka kwenye flashi, kwamba inafunguka bila kuinstoliwa haina maana leseni inaruhusu kila kompyuta, soma masharti yake. Leseni ya mwanafunzi vilevile, nyingi haziruhusu kazi ya kulipwa hata kama umemaliza chuo mwezi uliopita na bado inafunguka.

Krak, yaani faili za kuvunja ulinzi wa leseni ili utumie bila kulipa, siziweki. Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 na programu za kompyuta zimo, na mafaili ya krak mengi yanakuja na virusi vinavyoiba pasiwedi, zikiwemo za wateja wako. Kama bajeti haijafika, Blender ya picha za 3D, QGIS ya ramani, Inkscape ya michoro na LibreOffice ya kazi za ofisi ni za bure, unaweka kwenye mashine 10 ukitaka, hakuna anayehesabu, na kazi ya kulipwa unafanya nazo bila tatizo.