Huo "mto" una chumvi jamani

Juzi tena pale Bicton, kwenye Swan River ya Perth, Australia, mtungi wa kuzamia mgongoni, kuna mzee anatembeza mbwa akaniuliza natafuta nini humo, nikamwambia nudi (nudibranch, konokono uchi wa baharini, hana gamba), akacheka weeee, eti mtoni huwezi kupata, niende baharini. Nimechoka kweli.

Swan River huku chini, kutoka Fremantle kupanda kuelekea Perth mjini, ni mkono wa bahari tu, mtu wa Mtwapa wala hawezi kuniuliza hilo swali. Zamani mdomoni palikuwa na mwamba wa chokaa, wakaupasua miaka ya 1890 wapate bandari, bahari ikaingia vizuri zaidi. Halafu mtu anakuja na "lakini Julai maji yana rangi ya chai, ni ya mvua hayo". Ndio, JUU. Ya chumvi ni mazito kwa hiyo yanalala chini na ya mvua yanapita juu yake, unashuka kwenye kiza kama uko ndani ya birika, mara kila kitu kinatetemeka mbele ya maski kama mtu kamwaga mafuta, hapo ndo maji mawili yanapokutana, ukipita tu umeshafika baharini. Yakija mafuriko makubwa hata hiyo chumvi ya chini inasukumwa nje, siku hizo nalala zangu nyumbani.

Na kabla mjuaji hajafika: wapo konokono uchi wa maji yasiyo na chumvi, kina Acochlidium wa vijito vya Fiji, ila hao SIO nudi. Hili ndo linaniudhi kuliko mzee na mbwa wake. Kila mwaka watu wanaposti Bursatella leachii, yule mnene mwenye manyoyanyoya, "nudi mkubwaaa!" Huyo ni sungura bahari (sea hare), kundi jingine la konokono wa baharini. Mnasema hana gamba, sawa, akikua hana kweli, kwa hiyo gamba halikusaidii kitu, angalia anakula nini. Sungura anachuna utando wa kijani juu ya tope na nyasi bahari. Nudi anakula wanyama, na kila mmoja na chakula chake, Polycera hedgpethi kwa mfano ukimtaka tafuta Bugula, wanyama wadogo wanaoishi kwa makundi kama mmea, vile vishada vya zambarau kahawia kwenye nguzo za gati, usihangaike kumtafuta yeye, tafuta kishada halafu tulia hapohapo na tochi, ukiona utepe wa mayai mwenyewe hayuko mbali.

Mengine ya kawaida: ongeza risasi za uzito kwenye mkanda maana kina kifupi kinakupandisha, mapezi yawe juu, ukitimua tope umejimaliza mwenyewe.

Ila nikiri, zipo picha zangu za zamani nilizoandika "Polycera" kwa kujiamini kabisa na leo nikiziangalia sizisadiki, mnyama wa milimita kumi kwenye maji ya chai, kamera inaona inachotaka.

Juzi mita tatu, karibu masaa mawili, nguzo nne. Nudi wawili, mmoja kama punje ya mchele. Natoka majini mzee bado yupo, nikamwonyesha picha, akasema hiyo ni takataka imeganda kwenye lenzi.