Damu nyingi ya hedhi ukishafika arobaini na kitu: maswali ya kina mama wa Mtwara na Lindi

Sisi wa huku Kusini wengi tumechezwa unyago, tumekaa ndani, somo akatufunda kitambaa kinakunjwaje, kinafuliwa wapi na kinaanikwa wapi watu wasione. Damu inavyoanza tumefundishwa vizuri sana. Inavyoisha hatukufundishwa, na ndo huko kina mama wanapoteseka kimyakimya, mtu anablidi siku kumi na nne anafunga kanga mbili anaenda shamba kuokota korosho. Mie ni nesi, nimekaa wodi ya kina mama miaka mingi, na mwenyewe nina miaka 49 nimeyapitia, kwahiyo haya maswali ninayoulizwa kila siku nayajibu kwa pande zote mbili.

Dada, nina miaka 44. Mwezi mmoja naona siku tatu, mwezi mwingine siku kumi na mbili tena mabonge mabonge, alafu miezi miwili kimya. Nina nini?

Uwezekano mkubwa mwili umeanza safari ya kuelekea kukoma hedhi. Watu wanadhani hedhi inakata siku moja kama umeme, hapana mama, inayumba kwanza, kwa wengi miaka minne hivi, kwa wengine hata minane, na mara nyingi inaanza ukiwa kwenye arobaini. Tunasema umekoma hedhi pale tu ukikaa miezi 12 mfululizo bila kuona hata tone.

Sasa kwanini damu inakuwa nyingi wakati ndo inaelekea kuisha? Fikiria nyumba ya udongo. Kuna homoni moja, estrojeni, kazi yake kukandika ukuta wa ndani ya kizazi. Kuna nyingine, projesteroni, hiyo ndo inasema basi imetosha, na mwisho wa mwezi udongo unabomoka wote kwa pamoja, siku nne tano umemaliza. Projesteroni inakuja yai likishatoka. Ukifika umri wetu kuna miezi yai halitoki kabisa, kwahiyo estrojeni inakandika tu, inakandika, hakuna wa kuisimamisha, ukuta unakuwa mnene mpaka unajiangukia wenyewe kipande kipande wiki mbili. Ndo hayo mabonge.

Ntajuaje kama yangu ni nyingi kweli au nadeka tu?

Hudeki. Vitabu vinasema zaidi ya mililita 80 kwa hedhi moja, yani kama vijiko vikubwa vitano vya chakula, lakini nani anapima damu kwa kijiko? Angalia maisha yako. Unabadilisha pedi kila saa moja au mawili kwa sababu imeloa chapachapa, unavaa pedi mbili au pedi na kitambaa juu yake, unaamka usiku kubadilisha, unapita siku saba, mabonge ni makubwa kuliko sarafu, unaogopa kupanda basi la Newala kuja Mtwara mjini kwa sababu hujui utanyanyukaje kwenye kiti. Moja tu ya hizo inatosha kwenda kuonana na daktari.

Na tafadhali andika, chukua kalenda ya ukutani weka alama siku iliyoanza na iliyoisha, na umebadilisha mara ngapi. Ukienda na hiyo kalenda daktari anakuelewa haraka kuliko ukisema "inatoka sana tu".

Kwahiyo ni umri tu, nivumilie?

Hapa ndo nataka mnisikilize. Umri ni sababu moja, sio sababu ya kila kitu, na nimeona wanawake wanaambiwa "mama ni umri huo" bila hata kupandishwa kitandani kuangaliwa. Kuna uvimbe kwenye kizazi, fibroidi, ambao kwa sisi wanawake weusi ni wa kawaida mno, mwingi hauna madhara lakini ukikaa upande wa ndani wa kizazi unamwaga damu vibaya. Kuna vinyama vidogo vinavyoota ndani. Kuna tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa. Kuna kitanzi cha shaba, hicho kinaongeza damu, na sindano na vijiti vya uzazi wa mpango navyo vinaweza kuleta matone yasiyoeleweka. Kuna dawa za kulainisha damu za watu wa moyo. Kuna mimba iliyoharibika, eeh, hata ukiwa na miaka 45. Na ipo saratani, ya mlango wa kizazi na ya kizazi chenyewe.

Alafu huku kwetu usisahau kichocho. Tumekua tunaoga na kufua mabwawani, mayai ya yule mdudu yanaweza kukaa kwenye mlango wa kizazi na ukeni yakaleta vidonda na damu, hasa baada ya tendo, na mama anatibiwa gonjwa la zinaa mara tatu wakati shida ni kichocho na dawa yake, prazikwanteli, ipo. Ukienda mwambie daktari ulikulia wapi na maji mliyotumia.

Watapima nini? Naogopa.

Wingi wa damu, mkojo wa mimba, altrasaundi ya tumbo la chini, na mtu akuangalie mlango wa kizazi, chombo kinaingizwa dakika chache, hakichomi. Ukiwa umevuka 45 na damu haieleweki wanaweza kuchukua kanyama kadogo ndani ya kizazi kwenda kupima. Hapo hapo omba kipimo cha siki cha saratani ya mlango wa kizazi kama hujawahi. Fanya kabla hedhi haijakoma, kwa sababu ukishakoma ile sehemu wanayoiangalia inarudi ndani na siki haioni vizuri tena. Zahanati ikishindwa watakupa rufaa, kwa Mtwara kuna Ligula na hospitali ya kanda pale Mitengo, Lindi kuna Sokoine, na wa Masasi wengi wanaijua Ndanda.

Bibi anasema ni damu chafu inajisafisha, nikiizuia itapanda kichwani. Jirani anasema chango.

Namheshimu bibi, lakini damu inayotoka ukeni ni ile ile inayozunguka mwilini, sio takataka, na haina njia ya kupanda kichwani. Inayokwenda ni chuma yako, ndo mana unachoka. Chango nalo ni jina tu wazee walilolipa maumivu ya tumbo la chini, halikatazi kupima. Ninachokuomba ni kimoja, usiweke kitu chochote ukeni, majani, shabu, tumbaku, chochote, unajichubua na kuingiza wadudu.

Nachoka, kizunguzungu, moyo unakimbia nikipanda kilima, na nina hamu ya kula udongo.

Hiyo ni damu imepungua, na hamu ya udongo au ya mchele mbichi ni dalili yake kubwa, sio tabia mbaya. Kwa mwanamke asiye mjamzito wingi wa damu unatakiwa ufike 12 au zaidi, chini ya 8 ni upungufu mkali. Nimeona wanawake wanatembea na 5 wanajiita wavivu. Wavivu! Mtu anabeba ndoo za maji uwanda wa Makonde na damu 5.

Huku kwetu damu inaibiwa na wengi, malaria, safura, na hedhi juu yake, kwahiyo pima malaria, meza dawa ya minyoo, alafu anza vidonge vya chuma. Vimeze tumbo likiwa halijajaa, pamoja na kitu chenye vitamini C, ndimu, chungwa, embe, na msimu wa korosho kula bibo lako bichi, bibo lina vitamini C nyingi kuliko chungwa na sisi tunaliacha lioze chini ya mti au linakwenda kwenye pombe. Chai ya rangi na kahawa ziache mpaka saa moja au mbili zipite, zinazuia chuma isiingie. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Tumbo likikusumbua meza na chakula kidogo au siku moja ndio moja hapana, inafanya kazi pia. Na usiache ukijisikia vizuri, endelea miezi mitatu baada ya damu kupanda, kwa sababu ghala nalo linatakiwa lijae.

Chakula: dagaa, samaki, maini, nyama ukipata, kunde, mbaazi, choroko, kisamvu kilichokamuliwa ndimu. Juisi ya rozela na bitiruti kunywa kama unapenda, ila haziwezi kupandisha damu 6 ikawa 12, usidanganywe.

Dawa za kupunguza hiyo damu zipo, au mpaka kisu?

Zipo, na wengi hawafiki kwenye kisu. Rahisi kabisa ni ibuprofeni, unameza na chakula siku za damu nyingi, inapunguza maumivu na damu pia kiasi. Mwenye vidonda vya tumbo au figo hapana. Aspirini usiguse, inaongeza kutoka. Paracetamol inatuliza maumivu tu, damu haiigusi.

Kuna asidi ya traneksamiki, unameza siku zile za kumwagika tu, siku nne tano basi, inaweza kupunguza karibu nusu. Mtu aliyewahi kuganda damu mguuni au kupata kiharusi haruhusiwi, kwahiyo usinunue kwa kubahatisha. Kuna vidonge vya projesteroni kama norethisteroni, hivi vinaenda kukazia pale pale kwenye yule mkandikaji niliyemsema juu. Na kuna kitanzi chenye homoni, sio kile cha shaba, hiki kinakaa ndani miaka na kinaweza kupunguza damu mpaka asilimia 90, mie binafsi naona ni bora kuliko vyote ila hakipatikani kila kituo, ulizia. Vidonge vya majira vya kawaida vinasaidia wengine, lakini ukiwa na presha, au unavuta sigara na umevuka 35, hapana kabisa. Na P2, kile kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, sio dawa ya kurekebisha hedhi, naona wanawake wazima wanaimeza kila mwezi, inavuruga zaidi.

Nimeambiwa kizazi kitolewe. Nitakuwa bado mwanamke?

Utakuwa. Kizazi kikitoka na mifuko ya mayai ikabaki, homoni zinaendelea, tendo la ndoa linaendelea, kinachoisha ni hedhi na kuzaa. Lakini uliza kwanza: dawa zimejaribiwa? Uvimbe unaweza kutolewa peke yake kizazi kikabaki? Niko karibu kukoma kiasi gani? Kwa sababu hedhi ikikoma uvimbe mara nyingi unasinyaa wenyewe. Hayo ni maswali ya haki, daktari mzuri hakasiriki. Na ukiridhika kwamba ndo dawa yako, kubali bila aibu, nimewaona wakirudi kliniki baada ya miezi sita wamenawiri hata jina nalisahau.

Usiku naloa jasho mpaka shuka, nimekunywa dozi tatu za malaria mwaka huu.

Ulipima lakini? Lile joto linalopanda ghafla kifuani mpaka usoni, dakika chache, kisha jasho na kibaridi, ni homoni hizo hizo, na Novemba huku kabla mvua hazijafunguka linakuwa mateso mara mbili. Pima malaria kila mara kabla ya kumeza. Jasho likija na kikohozi cha wiki mbili au kukonda, pima kifua kikuu na virusi vya Ukimwi pia. Kama vyote hamna, lala na kanga nyepesi, dirisha wazi na neti imeshushwa, punguza kahawa na pilipili jioni uone. Ikikushinda zipo dawa za homoni na zisizo za homoni, usinyamaze. Hasira, kulia ovyo, kusahau, ukavu ukeni, vyote ni vya familia hiyo moja, mwambie na baba watoto asidhani umemchoka.

Sala na funga je?

Hilo kamuulize ustadhi wako, wengi wa huku tunafuata Shafii na tumefundishwa damu ikipita siku 15 ni istihadha, yani haihesabiwi tena kuwa hedhi. Mie nasema upande wangu tu, usingoje siku 15 ndo uje hospitali. Na kama damu imepungua sana, kufunga zungumza na daktari kwanza.

Naweza kupata mimba bado?

Ndio, hata ukikaa miezi mitano huoni. Kama hujafika 50 endelea na uzazi wa mpango mpaka miaka miwili ipite bila hedhi, ukivuka 50 mwaka mmoja unatosha.

Lini niende usiku huo huo?

Pedi inaloa ndani ya saa moja, saa mbili mfululizo. Unaona giza ukisimama, unazimia, unahema umekaa, moyo unadunda kama ngoma. Au damu na maumivu makali upande mmoja huku hujaona hedhi kwa wakati. Chukueni bodaboda au bajaji, msingoje asubuhi, na waje ndugu wawili watatu wazima wa kuchangia damu.

Hedhi ilikoma miaka miwili iliyopita, juzi nimeona matone kidogo tu kwenye nguo. Nimefurahi, nimerudi usichana?

Hapana mama yangu, hapa sitakubembeleza. Damu yoyote baada ya miezi 12 kimya, hata tone moja la waridi, hata ikija mara moja ikaacha, lazima ichunguzwe, kwa sababu saratani ya kizazi mara nyingi inajitambulisha hivyo hivyo. Mara nyingi inakutwa ni ukavu tu au kanyama kadogo, na hata ikiwa saratani ikikutwa mapema inatibika. Nenda wiki hii, sio baada ya mnada wa korosho. Ukifika sema tangu lini hedhi ilikoma na hiyo nguo uliiona lini, maana ndo swali la kwanza watakalokuuliza.