Maharage kwenye kopo: dhana potofu na ukweli

Karibu kila aliyepita shule ya msingi amewahi kuotesha maharage kwenye kopo. Nalipenda mno jaribio hili, ndiyo maana linaniuma likifundishwa nusunusu.

Dhana: Kopo moja dirishani na jingine kabatini yanatosha kuonyesha kazi ya mwanga.
Hayatoshi. Huenda harage la kabatini lilikwisha kutobolewa na wadudu, nawe ukalaumu giza. Panda walau makopo kumi kila upande, udongo uleule, maji ya kupima kwa kizibo kilekile.

Dhana: Mbegu isiyoota itupwe, haina cha kupima.
Hapo ndipo takwimu zinapoanzia. Tuseme miche minne ina sentimita 12, 13, 14 na 15, na kopo la tano halijatoa kitu. Mtoto mmoja atagawa 54 kwa 4, apate 13.5. Mwenzake atagawa kwa 5, apate 10.8. Watabishana, waache wabishane. Hesabu zote mbili ni sahihi, ila mmoja ameuliza miche iliyoota ina urefu gani, mwingine ameuliza kila mbegu iliyopandwa imetoa urefu gani. Basi waandike ubaoni: zimeota 4 kati ya 5, wastani wa zilizoota ni sentimita 13.5. Mwalimu akilificha lile kopo, amewafundisha watoto kuchagua matokeo yanayowapendeza.

Dhana: Gizani mmea haukui.
Harage huota gizani bila shida, na mara nyingi mche wa kabatini humpita urefu mwenzake wa dirishani. Unajirefusha kutafuta mwanga, ukila akiba iliyomo kwenye mbegu. Utazame kwa karibu: shina jembamba, vijani vidogo vya manjano. Akiba ikiisha, unakufa. Kwa hiyo kabla ya kupima, darasa likubaliane "kukua" ni nini: urefu, idadi ya majani, au uzito?

Dhana: Mmea hujengwa kwa udongo.
Mwanasayansi wa zamani, Jan Baptista van Helmont, alikuza mti miaka 5 kwenye udongo wa kilo 90 hivi. Matokeo yalichapishwa 1648. Mti uliongezeka zaidi ya kilo 70, udongo ukapungua gramu 60 tu. Alidhani mti ulijengwa kwa maji pekee. Leo tunajua kwamba hewa ya ukaa nayo imo.

Dhana: Kutumia rula hakuhitaji kufundishwa.
Kwenye rula nyingi sifuri haianzii ukingoni. Mtoto akiisimamisha juu ya udongo, kila mche unapungua milimita kadhaa. Apime kwa uzi, kisha aulaze uzi kwenye rula kuanzia sifuri.