Hollywood hawajaishiwa mawazo, walichopoteza ni kanda

Juzi Jumamosi tulimaliza kazi mapema, mimi na vijana wawili wanaojifunza kuediti kwangu, ukaanza ule ubishi ambao kila mpenda muvi ashawahi kuubisha, kwamba Hollywood wameishiwa. Mmoja anasema tangu masupahiro waingie hakuna kitu tena, mwenzie anasema hapana, Dune ile ni kali, wa kwanza anamrudishia kwamba Dune yenyewe ni kitabu cha mwaka 1965 na muvi yake ilishatengenezwa 1984, basi ikawa kelele tupu. Nikawaambia subirini. Nikafungua kompyuta, nikaweka mwanzo wa Lion King ya 1994 upande wa kushoto na mwanzo wa ile ya 2019 upande wa kulia, nikazicheza pamoja.

Jua linachomoza, wanyama wanainua vichwa, ndege wanapita, yule nyani aitwaye Rafiki anapanda mwambani, anampaka mtoto kwenye paji la uso, anamnyanyua juu, halafu ngoma moja nzito na jina la muvi linajaa kwenye skrini. Mpangilio ni uleule, picha baada ya picha, ukiwa mhariri unaona kabisa kwamba waliofanya ya pili walikuwa wameiweka ya kwanza mezani wanaifuatisha. Tofauti iko kwenye nyuso. Ile ya kuchorwa, Sarabi anatabasamu na wewe mtazamaji unajua huyu ni mama ana mtoto mchanga. Ile ya 2019 wamemtengeneza simba kama simba wa Serengeti kweli, manyoya yote yapo, ila simba wa kweli hatabasamu, kwahiyo pale palipokuwa na tabasamu pamebaki macho yanapepesa tu. Nikasimamisha picha pale pale nikawaonyesha. Yule mbishi akauliza, sasa kwanini walirudia kama ya kwanza ilikuwa bora?

Hilo ndio swali, na jibu lake ni hela, ila sio kwa ile namna nyepesi ambayo watu wanasema "wanapenda hela". Hollywood imependa hela tangu siku ya kwanza, hata ile miaka ambayo ilikuwa inatupa muvi tunazoziota mpaka leo. Kuna kitu kimebadilika kwenye jinsi hela inavyoingia, na nadhani wengi wetu hatukioni kwa sababu kilikufa kimyakimya.

Kwanza tuwe wakweli. Ukichukua muvi kumi zilizoongoza kwa mauzo duniani mwaka 2024, tisa ni mwendelezo wa kitu kilichokuwepo au zinasimulia yaliyotokea kabla yake: Inside Out 2, Deadpool, Moana 2, Despicable Me ya nne, Mufasa, Dune ya pili, Godzilla na Kong, Kung Fu Panda ya nne, na kuendelea. Iliyobaki ni Wicked, ambayo nayo ilikuwa mchezo wa jukwaani miaka mingi kabla. Kwahiyo anayelalamika halalamiki bure. Lakini ukisema zamani walikuwa hawarudii utakuwa unaidanganya nafsi yako. The Maltese Falcon ya 1941, ambayo vyuo vya filamu vinafundishia mpaka leo, ilikuwa mara ya tatu kitabu kilekile kutengenezwa ndani ya miaka kumi. Ben-Hur ya 1959 ilishakuwepo muvi bubu ya 1925. The Magnificent Seven ni Seven Samurai ya Wajapani imevalishwa kofia za kauboi. Hata True Lies ya 1994, ile ya Schwarzenegger ambayo kila banda Dar lilikuwa nayo, imetoka kwenye muvi ya Kifaransa. Kurudia kulikuwepo siku zote. Tofauti ni kwamba pembeni ya marudio kulikuwa na muvi nyingine nyingi za bajeti ya kati, za mahakamani, za mapenzi, za watu wawili wanaongea jikoni, na hizo ndizo zilizopotea.

Zilipotelea wapi? Mwaka 2021 mwigizaji Matt Damon aliulizwa kwenye mahojiano kwanini hawatengenezi tena muvi kama zile za zamani, na maelezo yake mi nawasimulia wanafunzi wangu kila mwaka kwa sababu ni hesabu ambayo mtoto wa darasa la tano anaielewa. Alitoa mfano wa muvi aliyocheza ya mapenzi ya watu wawili, Behind the Candelabra. Kuitengeneza, dola milioni 25. Kuitangaza mabango na trela na televisheni, milioni 25 nyingine. Ushatumia 50. Sasa tiketi ikikatwa, jumba la sinema linachukua karibu nusu. Kwahiyo ili urudishe tu hela yako lazima watu wakate tiketi za dola milioni 100, ndio uanze kuhesabu faida. Milioni 100 kwa hadithi ya watu wawili wanapendana na kugombana! Zamani ulikuwa unathubutu kwa sababu miezi sita baadaye muvi inatoka kwenye DVD, na hiyo ilikuwa kama kuizindua upya, hela inaingia mara ya pili. DVD ilipokufa, ule mlango wa pili ukafungwa. Ile muvi ikaishia kuchukuliwa na HBO, kituo cha televisheni ya kulipia.

Mlango wa pili. Mi hili jambo nililiona kwa macho kabla sijajua hata kuediti ni nini.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuweka kanda kwenye deki, kwenye banda la video Temeke, mwishoni mwa miaka ya tisini. Mabenchi, televisheni moja, mapazia meusi, kiingilio shilingi mia. Mwenye banda tulimwita Mjomba. Nje kulikuwa na ubao na kila asubuhi Mjomba anauandika kwa chaki, na ukiusoma vizuri ule ubao ungeona kwamba Mjomba haandiki jina la muvi, anaandika jina la steringi. Van Damme. Rambo. Komando. Watu wanaingia kwa jina wanalolijua. Ikiwa kanda imetafsiriwa na Lufufu anaandika na hilo, kwa sababu Lufufu naye alikuwa jina.

Sasa siku moja kwenye fungu la kanda alizokodi ikaja The Shawshank Redemption. Hakuna aliyeweza hata kulitamka. Mjomba akatazama kava, akaona jamaa amesimama kwenye mvua kanyanyua mikono, akauliza steringi nani, mapigano yapo? Hayapo. Akaniambia iweke mchana wa Jumanne, wakati hakuna watu, kanda si ishakodiwa. Walikuwepo watu sita. Wale sita hakuna aliyetoka kwenda kuvuta sigara. Jumatano wakarudi na wenzao, Ijumaa Mjomba mwenyewe akaipandisha usiku, na ubaoni, kwa kuwa jina halitamkiki, akaandika "Mfungwa aliyechimba ukuta". Nakiri alikuwa anaharibu utamu kwa wasioijua hadithi ila banda lilijaa.

Miaka mingi baadaye nikiwa nimeshaingia kwenye fani ndio nikasoma kwamba kilichotokea Temeke ndicho kilichotokea Marekani. Muvi iligharimu kama dola milioni 25, ilipotoka 1994 ikaingiza kama milioni 16 tu kwenye majumba ya sinema. Ikatajwa kwenye tuzo saba za Oscar na haikuondoka na hata moja. Kwa hesabu za mjini ni muvi iliyokufa. Halafu ikatoka kwenye kanda, watu wakaanza kuikodi, 1995 ikawa moja ya kanda zinazokodiwa sana Marekani, kisha televisheni ikaanza kuirudia rudia, leo hii ukimuuliza mtu wa nchi yoyote muvi zake tano bora kuna uwezekano mkubwa ataitaja. Nayo imetokana na hadithi ya Stephen King, kwahiyo hata siyo kwamba wazo lilishuka kutoka mbinguni. Ilichopata ni muda. Mtu aliruhusiwa kuikosa mara ya kwanza na bado ikamsubiri kwenye rafu.

DVD zilianza kuuzwa Marekani 1997, zikapaa mpaka katikati ya miaka ya 2000, Netflix wakaanza kuonyesha muvi kwa intaneti 2007, na 2010 Blockbuster, lile duka la kukodisha lililokuwa na maelfu ya matawi, likatangaza kufilisika. Sasa utaniambia striming si ndio rafu mpya? Ningependa iwe hivyo. Lakini kwenye striming mtazamaji halipii muvi, analipia mwezi. Muvi iangaliwe mara kumi au mara milioni, hakuna hela mpya inayoingia kwa ajili ya ile muvi yenyewe, na aliyeiandika hela yake ya marudio ni kidogo kuliko ile aliyokuwa anaipata televisheni inaporusha kazi yake. Waandishi wa Marekani waligoma siku 148 mwaka 2023, na hilo lilikuwa moja ya madai yao makubwa.

Kwahiyo kama mlango wa pili haupo, kila kitu kinaamuliwa wikiendi ya kwanza, na wikiendi ya kwanza watu hawajui muvi ni nzuri au mbaya, wanajua jina tu. Hapo ndipo studio zote zikageuka kuwa Mjomba na ubao wake. Disney walinunua Pixar wa katuni 2006 kwa dola bilioni 7.4, Marvel wa masupahiro 2009 kwa kama bilioni 4, Lucasfilm wa Star Wars 2012 kwa kama bilioni 4 tena. Ukishalipa bilioni nne kwa ajili ya majina huwezi kuyafungia kabatini, lazima yafanye kazi kila mwaka. (Na hamu yao ya majina ilifika mpaka kwetu, maneno "hakuna matata" waliyasajili Marekani kama alama ya biashara kwa ajili ya fulana. Mwaka 2018 watu wengi walisaini kupinga, na mimi nilikuwa mmoja wao, inaniuma mpaka leo.) Kisha 2019 wakainunua Fox kwa bilioni 71, studio kubwa sita zikabaki tano. Mwandishi mwenye skripti isiyo na jina alikuwa na milango sita ya kugonga, sasa mitano, na mmoja kati ya hiyo mitano una foleni ndefu ya masupahiro ndani.

Bongo nako ni hivyohivyo. Wanaokumbuka zile muvi zetu za CD wanakumbuka Part One na Part Two zinauzwa mbalimbali. Kuna msambazaji mmoja niliwahi kumpelekea kazi ya dakika tisini imekamilika kabisa, akaniambia ikate katikati, nikamwambia hadithi haina pa kukatika, akasema basi irefushe. Nilirefusha. Watu wanapanda gari, wanashuka gari, wanafungua geti, unaziona sekunde zinapita. Naijua ile hisia ya kuediti kitu ambacho hakikutakiwa kuwa kirefu, na nikiangalia baadhi ya mwendelezo wa Hollywood wa miaka hii naiona kwenye kata za mhariri, natambua kabisa pale alipokuwa anajaza.

Mawazo yapo lakini. Angalia muvi za kutisha. Get Out ya Jordan Peele, 2017, bajeti dola milioni 4.5, ikaingiza zaidi ya milioni 250. Kwenye muvi za kutisha hofu yenyewe ndio steringi, huhitaji jina, na ukipoteza umepoteza kidogo, kwahiyo pale wanawaachia watu wajaribu. Ndio maana wazo jipya siku hizi mara nyingi linaingilia mlango wa kutisha hata kama kiini chake ni kitu kingine.

Na ndio Sinners ya Ryan Coogler ilivyoingia, Aprili 2025. Mississippi ya 1932, mapacha wanafungua ukumbi wa muziki, wanyonya damu wanabisha hodi. Haikutoka kwenye kitabu wala haikuwa mwendelezo wa chochote, na bajeti inayotajwa ni kati ya dola milioni 90 na 100. Ni kweli Coogler alithubutiwa kwa sababu alishafanya Creed, mwendelezo wa Rocky, na Black Panther ya Marvel, yaani alishalima shamba la watu ndio akapewa la kwake. Ila akadai na kitu ambacho kwa watu wa fani ni kikubwa kuliko tuzo: baada ya miaka 25 haki za muvi zinarudi kwake. Wikiendi ya kwanza Marekani iliingiza milioni 48. Kawaida wikiendi ya pili muvi kubwa inashuka nusu au zaidi. Hii ilikaa kwenye 45 na ushee, kwa sababu walioiona walikwenda kuwaambia wenzao.

Mi niliiacha kwanza wiki ya kwanza ipite, nikaenda Jumatano ya wiki ya pili na mdogo wangu, mchana, nikijua kabisa tutakuwa peke yetu. Tulikosa viti viwili vya pamoja. Yeye akapata kimoja nyuma huko, mimi nikakaa safu ya mbele kabisa, shingo juu kama nipo kwenye benchi la Mjomba.