Je, wajua kwa nini gari dogo huiwahi treni ileile mara saba kwa siku moja?

Reardan ni mji mdogo mashariki mwa jimbo la Washington, Marekani, mji ambao maghala yake ya ngano ndiyo majengo marefu kuliko yote. Mpenzi wa treni mwenye kamera hufika hapo asubuhi, huegesha gari mahali barabara inapokata reli, kisha husubiri. Treni ya mizigo inatokea: vichwa viwili, nyuma yake mabehewa ya nafaka, honi mbili ndefu, moja fupi, moja ndefu tena. Anapiga picha, anarudi kwenye gari bila haraka na kushika barabara namba 2 kuelekea magharibi hadi Davenport. Hapo anakunywa kahawa, anaimaliza, anasimama tena kando ya reli. Treni bado. Baada ya Davenport ni Creston, halafu Wilbur, Almira, Hartline, na mwisho Coulee City, reli inapoishia. Vituo saba, treni moja, na kila mahali mtu ndiye anayeisubiri treni.

Aliyezoea kupiga picha kwenye njia kuu, ambako treni ya mizigo hupita kwa kilomita 95 kwa saa na ukipepesa jicho imekwisha, hujiona amepewa zawadi. Lakini kwa nini treni itambae hivyo? Wengi hudhani ni uzee wa vichwa. Kweli ni vizee, ila hata ukileta kichwa kilichotoka kiwandani jana, mwendo utabaki uleule. Jibu liko chini, kwenye mataruma, zile mbao zinazolala chini ya reli na kuzishikilia.

Sheria ya Marekani huzipanga reli kwa madaraja, na kila daraja lina kikomo chake cha mwendo. Daraja la kwanza treni ya mizigo isizidi kilomita 16 kwa saa, la pili 40, la tatu 64, la nne karibu 97. Sasa daraja linapimwaje? Mkaguzi huangalia mambo mengi, lakini moja unaweza kuliona mwenyewe ukiwa umesimama kwenye kivuko, pale barabara inapokata reli, bila kukanyaga reli. Chukua kipande cha njia chenye urefu wa futi 39, yaani mita 12 kasoro kidogo. Humo kuna mataruma ya mbao ishirini na kitu. Kwa daraja la kwanza, kwenye njia iliyonyooka, yanatakiwa mazima matano tu. Matano! Mengine yanaweza kuwa yamepasuka, yameoza katikati, misumari imelegea hadi unaweza kuichomoa kwa vidole. Kwa daraja la pili yanatakiwa manane, na kwa la nne kumi na mawili. Kwa hiyo treni inayopita Reardan kwa mwendo wa baiskeli huwa inatii hesabu ya mbao.

Na kwa nini futi 39, si 40? Zamani vipande vya reli vilisafirishwa kwenye mabehewa ya wazi ya futi 40, hivyo vilikatwa vifupi kidogo ili viingie. Njia kuu za leo zina reli zilizochomelewa zikawa ndefu mfululizo. Njia nyingi za vijijini bado zina vile vipande, vimeungwa kwa vyuma vya pembeni na bolti. Aliyewahi kulala kwenye treni ya Reli ya Kati anaijua sauti ya maungio hayo. Ndiyo ile inayokubembeleza usiku kucha.

Kwenye maungio hayo ndipo penye jambo linalonivutia kuliko yote. Waingereza huweka maungio ya reli mbili yakitazamana. Wamarekani huyapishanisha: ungio la kushoto likishapita, la kulia linafuata nusu ya kipande cha reli mbele. Ungio ni mahali dhaifu, hubonyea likikanyagwa na mzigo. Basi behewa refu la nafaka, zito na lenye uzito juu, huinamia kushoto, kisha kulia, kisha kushoto. Likienda polepole sana, mtikisiko unatulia kabla ya mwingine kuja. Likienda kasi, halipati muda wa kuinama. Ila pale katikati, takriban kilomita 20 hadi 35 kwa saa, mitikisiko inafuatana na mwendo wa behewa lenyewe, kama mtu anayesukuma bembea kila inaporudi. Kila ungio linaongeza kidogo, hadi gurudumu linanyanyuka juu ya reli. Treni nyingi zimelala ubavu hivyo, bila mwendo wa kutisha wowote. Ukiipiga picha kwa lenzi ndefu ukiwa mbele yake, utaona mstari wa mabehewa ukiyumba huku na huku kama watu waliobeba ndoo kichwani kwenye njia yenye mawe.

Uchakavu huu wa reli ulitokana na nini? Njia ya Reardan hadi Coulee City ilijengwa na kampuni ya Northern Pacific kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1880, enzi ambazo kila mji wa wakulima ulitaka reli yake. Mwaka 1916 Marekani ilikuwa na maili 254,000 za reli, kiwango cha juu kuliko wakati wowote. Kisha malori na barabara nzuri vikaja. Kampuni kubwa zikabaki na matawi yasiyolipa, na kitu cha kwanza kuachwa kilikuwa matengenezo. Mwaka 1980 Rais Jimmy Carter alitia saini Sheria ya Staggers, iliyozipa kampuni uhuru mkubwa wa kupanga bei na kurahisisha kuachana na njia za hasara. Nyingine ziling'olewa, nyingine zikauzwa kwa kampuni ndogo. Leo kampuni ndogo kama hizo ni takriban 600, na zinaendesha karibu theluthi moja ya mtandao wote. Zilinunua reli pamoja na uozo wake.

Hii ya Washington iliponea pembamba. Kati ya 2004 na 2007 jimbo lenyewe liliinunua pamoja na matawi mengine mawili ya jirani, jumla karibu kilomita 480, kwa hofu kwamba ngano yote ingehamia barabarani. Behewa moja hubeba mzigo wa malori matatu au manne, kwa hiyo hofu hiyo haikuwa ya bure. Tangu hapo mataruma yamekuwa yakibadilishwa sehemu kwa sehemu, kadiri fedha zinavyopatikana. Serikali kuu nayo ilianza mwaka 2005 kuzipa kampuni ndogo unafuu wa kodi wa nusu ya gharama za matengenezo, kwa kikomo cha dola 3,500 kwa maili, na mwaka 2020 unafuu huo ukafanywa wa kudumu, ila kuanzia 2023 ni asilimia 40 badala ya nusu.

Vile vichwa vizee navyo vina sababu yake. Kwa kilomita 16 kwa saa, kinachovuta mzigo ni uzito wa kichwa unaobana reli kuliko wingi wa nguvu za injini. GP9, aina ya kichwa cha dizeli iliyoanza kuundwa mwaka 1954 ikiwa na nguvu za farasi 1,750, bado inafanya kazi kwenye baadhi ya njia ndogo. Fundi anaijua kwa mikono, na ina ekseli nne tu, hivyo haisumbui kona kali. Wapiga picha wanaipenda kwa sura. Mwenye kampuni anaipenda kwa bei.

Mwendo huu una faida moja ambayo mgeni haioni mapema. Treni inayokwenda magharibi asubuhi ina jua mgongoni, na uso wa kichwa uko gizani. Picha za Reardan mara nyingi hutoka mbaya. Lakini kufikia Wilbur adhuhuri imeshapita, jua limezunguka na kuipiga treni usoni. Treni ya kasi isingekungoja.

Tatizo ni saa. Kutoka Cheney, ambako njia hii inaanzia, hadi Coulee City ni kilomita 174. Kwa kilomita 16 kwa saa hizo ni karibu saa kumi na moja bila kusimama, na treni lazima isimame, maana kila ghala lina mabehewa ya kuachiwa. Sheria inamkataza dereva kufanya kazi zaidi ya saa kumi na mbili. Zikitimia, treni inaachwa hapo ilipo na wafanyakazi wanafuatwa kwa gari. Ndiyo maana wakati mwingine mpiga picha hufika kwenye kivuko alichokichagua tangu asubuhi, mwanga wa jioni umeiva juu ya ngano, akaisubiri honi mpaka giza, kumbe treni imelala vijiji viwili nyuma.